Je, Mtoto wa Kambo Anadaiwa Upendo?



Kuna ulizo moja linalorudi mara nyingi mbele ya wazee wa kanisa hapa kwetu Lokandu, na karibu kila mara mwenye kulileta ni baba wa nyumba. Bibi yake wa kwanza alikufa, ao waliachana. Ameoa mwingine. Na binti yake mkubwa, wa miaka 16 ao 17, hapatani na mama huyu mpya. Binti hana matusi mdomoni. Anateka maji, anatwanga sombe, anaitika akiitwa. Lakini kazi ikiisha anakwenda kukaa kwa nyanya yake mpaka usiku, na neno "mama" halimtoki. Baba anataka wazee wamwite binti na kumwamuru ampende mama yake.

Sisi tunaoandika karatasi hii tumesikia jibu linalotolewa kwa haraka: mtoto, mpende mama yako, kwani Mungu ni upendo. Jibu ni fupi, na masikioni ni tamu. Lakini tunaona ya kwamba linaruka jambo kubwa. Kabla ya kumdai mtu deni ni lazima kujua kwanza kama deni liko, na ni nani aliyekopa. Binti huyu hakuposa mtu. Hakuulizwa. Siku moja alirudi kutoka shamba akakuta masanduku ya mtu mwingine chumbani mwa mama yake. Je, tangu jioni ile anadaiwa upendo? Na kama hadaiwi upendo, anadaiwa nini? Na yeye mwenyewe anadai nini, na kwa nani?

Tusiseme ni jambo dogo la wanawake jikoni. Hapa kwetu nyumba za kambo ni nyingi, na sababu zake tunazijua sote. Kuna kina mama waliokufa katika kuzaa. Kuna vita: ile iliyoleta AFDL Kindu mwanzoni mwa 1997, na ile ya 1998, RCD ilipoingia Kindu mwezi wa kumi. Vita hizo ziliacha wajane na yatima katika vijiji vya pande zote mbili za Lualaba. Kuna wanaume waliokwenda kutafuta kasiteriti Kailo na Kalima wakaoa kule, wakarudi na bibi na watoto wa bibi. Kuna kambi ya waaskari: askari wanakuja, askari wanahamishwa, watoto wanabaki na mama zao, na mama zao wanaolewa tena, kwani hakuna anayeweza kukaa peke yake na kulisha watoto kwa shamba moja la mihogo.

Wala jambo hili halikuanza jana. Wazee wetu wanajua ya kwamba pahali hapa paliitwa Riba-Riba wakati wa Waungwana na misafara ya pembe. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, kule Nyangwe, ukipanda mto, Livingstone aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakipiga risasi soko lililojaa wanawake. Mamia walikufa, wengi kwa kuzama majini. Katika miaka ile mabinti wengi wa Maniema walinyang'anywa kwao wakatiwa ndani ya nyumba ambazo hawakuzichagua. Huko walijifunza kupika mpunga na kusema Kingwana, wakaita mama mtu asiyewazaa na baba mtu aliyewateka. Wengi wetu tuna nyanya wa namna hiyo katika ukoo, hata kama hatumtaji. Lugha hii tunayoombea ilikulia katika nyumba za wageni waliolazimishwa kuwa jamaa. Kwa hiyo tukisema juu ya mtoto wa kambo, tunasema juu ya damu yetu wenyewe.

Watu husema: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Maana yake, anayekula na wewe hatakufa na wewe. Ni ndugu wa tumbo moja tu atakayekufa na wewe. Methali hii ni ya kweli mara nyingi, na ndiyo sababu inauma. Lakini tumeona pia mzaliwa nawe akikimbia siku ya taabu, na mla nawe akibaki. Wakati wa vita watu walibebana mgongoni kule porini bila kuulizana ukoo. Methali inaonyesha mambo yanavyokwenda kwa kawaida, haitoi amri. Tusiitumie kama mlango wa kumfungia mtoto nje.

Sasa turudi kwenye ulizo la upendo, tufungue Maandiko bila haraka.

Katika Kutoka 20, pale Mungu anapoagiza juu ya baba na mama, neno analotumia ni heshima. Hakusema mtoto awapende wazazi, hata wale waliomzaa. Alijua, kwani ndiye aliyeumba moyo, ya kwamba heshima mtu anaweza kuitoa hata siku ambayo moyo wake ni mkavu. Mtoto anaweza kuinamisha kichwa, kuitika vizuri, kupokea mzigo, kutosema vibaya juu ya nyumba kisimani. Hayo yako katika mikono na mdomo wake. Kupenda hakuko mikononi mwa mtu namna hiyo. Kunakuja polepole kama mpunga, na kuna shamba ambalo mwaka wa kwanza halitoi kitu.

Mtu atatujibu: lakini Maandiko yanaamuru upendo! Katika Mambo ya Walawi 19 watu wanaamriwa kumpenda jirani, tena kumpenda mgeni anayekaa kati yao. Ni kweli. Tunaomba basi msomaji asome sura hiyo mpaka mwisho. Mara tu baada ya neno la kumpenda mgeni, mistari inayofuata inasema juu ya mizani na vipimo: vipimo viwe vya haki, mizani iwe sawa. Tena mapema katika sura ile ile inaagizwa kuacha masalio ya mavuno shambani kwa ajili ya maskini na mgeni. Upendo unaoamriwa pale unaonekana kwenye kipimo, kwenye shamba, kwenye mshahara wa kibarua. Mungu hakumwamuru Mwisraeli asikie utamu moyoni kila akimwona mgeni. Alimwamuru asimpimie mgeni kwa kibaba kidogo.

Na kuna pahali pengine palipo wazi zaidi, ambapo mahubiri hupapita mara nyingi: Kumbukumbu la Torati 21, mstari wa 15 mpaka wa 17. Mwanaume ana wake wawili, mmoja anapendwa, mwingine anachukiwa. Mzaliwa wa kwanza ni wa yule anayechukiwa. Sheria inafanya nini? Haimwambii mwanaume yule ampende bibi anayemchukia. Pengine haiwezekani tena. Inamwambia ya kwamba siku ya kugawa mali hana ruhusa kumnyima mtoto wa yule asiyependwa sehemu yake, kwa sababu ya yule anayependwa. Hapo tunaona hekima kubwa. Pahali ambapo upendo umeshindwa, haki haijashindwa. Mtu anaweza kusema kwa kweli mbele ya Mungu "simpendi," lakini hawezi kusema "kwa hiyo sitampa lililo lake."

Angalieni pia sheria ile inazungumza na nani. Haizungumzi na wale wanawake wawili, wala haizungumzi na watoto. Inazungumza na mwanaume.

Hapa tunaomba ruhusa kutoka kidogo Maniema, kwani jambo hili si la Waafrika peke yao, na wenzetu wa mbali wamelifikiri sana. Katika miaka ile ile ya misafara, Uingereza ilitawaliwa na malkia Victoria, na kule mama mmoja mwandishi, Elizabeth Gaskell, bibi wa mchungaji, aliandika kitabu kiitwacho Wives and Daughters. Kilitoka vipande vipande katika gazeti tangu 1864 mpaka 1866. Mwandishi mwenyewe alikufa 1865 kabla ya kukimaliza. Ni habari ya msichana wa mashambani, Molly Gibson, mtoto mmoja tu wa muganga. Mama yake alikufa angali mdogo sana. Alipofika miaka 17, kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi kwa baba yake alianza kumwandikia barua ya mapenzi. Baba akashikwa na hofu: binti huyu anahitaji mama wa kumchunga. Basi akaoa mjane mwenye binti wa miaka karibu sawa na ya Molly. Alifanya hivyo kwa ajili ya binti, na binti hakumuuliza.

Mama yule mpya hakuwa mchawi wa hadithi. Hakumpiga Molly, hakumlaza na njaa. Alikuwa mtu wa maneno laini na wa kujipenda. Kosa lake moja ndilo lililotufanya tulete kitabu hiki hapa. Aliagiza vyumba vya mabinti wawili vipambwe upya vyote viwili, sawasawa, kusudi watu wa mji wasiseme ya kwamba anampendelea mtoto wake. Molly akamsihi aache chumba chake kama kilivyo, kwani baadhi ya vyombo vya mle ndani vilikuwa vya marehemu mama yake. Hakusikilizwa. Vyombo vya mama vikaondolewa kwa jina la usawa.

Ndugu, tufikiri hapo. Usawa ule ulikuwa wa macho ya majirani. Kipimo kilikuwa sawa kwa kutazama, lakini mmoja alipewa kitanda kipya na mwingine alinyang'anywa mama yake mara ya pili. Tunaona jambo hili hata hapa Lokandu. Baba ananunua vitambaa viwili vya namna moja siku ya sikukuu, watu wanasifu. Lakini sufuria za marehemu zimeuzwa, kanga zake zimegawiwa shangazi, na mtoto akitaja jina lake mezani watu wananyamaza kama amesema neno baya. Haki ya mtoto wa kambo inaanza na ruhusa ya kumkumbuka aliyemzaa. Mama mpya asiogope kumbukumbu hiyo. Marehemu hatarudi kudai chumba.

Kuna neno lingine katika kitabu hicho ambalo linagusa wahubiri. Kijana mmoja mwema, Roger, alimkuta Molly akilia, akamshauri afikiri juu ya wengine kuliko nafsi yake. Ni shauri tunalolitoa sisi wenyewe kila juma: vumilia, jikane, mwachie Mungu. Molly alilipokea, akajaribu, na likamsaidia. Lakini alijiuliza pia kama maisha hayatakuwa mabaya siku atakapokuwa amejiua nafsi, akiishi tu kwa kufanya na kuwa kama watu wengine wanavyotaka. Tunaona ulizo lake ni zuri kuliko shauri alilopewa. Kujikana kwa Kikristo ni zawadi ambayo mtu anaitoa akiwa huru. Binti ambaye anaambiwa ajikane na watu watatu ambao hakuna hata mmoja anayejikana, huyo analipa kodi tu.

Basi tugawe deni. Upande wa binti, tunasema wazi ya kwamba anadaiwa heshima. Amsalimu mama wa kambo asubuhi. Afanye sehemu yake ya kazi. Asimpeleke vibaya kwa nyanya na shangazi, kwani tunajua ni mara ngapi vita vya nyumba za kambo vinawashwa na jamaa ya marehemu, ambao wanamuuliza mtoto kila jioni amekula nini, na wanacheka akijibu kwa kusengenya. Tena afikiri juu ya hali ya mama yule. Mara nyingi ni mwanamke wa miaka 25 ao 28. Pengine alizaliwa kwa Wagenia, alikua mtoni, anajua mitego na samaki. Sasa ameolewa kijiji cha juu, kwa watu wa mihogo na ndizi. Samaki alikuwa akiwabadilisha nao sokoni; leo anapika katika jiko lao. Anaingia nyumba ambamo msichana wa miaka 17 anajua chumvi iko wapi na yeye hajui. Kila akishika mwiko anaonekana kama mwizi. Mama wa kambo naye ni mgeni, na Walawi 19 inamtazama yeye vilevile.

Lakini kumwita "mama" tusimlazimishe binti. Kuna majina mengi ya heshima katika lugha yetu. Amwite mama mdogo, kama anavyomwita ndugu wa mama yake. Ao amwite kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mama fulani. Neno "mama" likija lenyewe siku moja, lije. Likikosa kuja, mbingu haitaanguka.

Upande wa nyumba, deni ni kubwa zaidi, na linapimika. Nani anaamka wa kwanza kwenda mtoni? Ni yule yule kila siku? Samaki wakiwa wanne na watoto watano, nani anapewa mchuzi mtupu? Homa ikija, nani anapelekwa kituo cha afya na nani anachemshiwa majani? Na shule. Tangu 2019 serikali ilipotangaza masomo ya bure katika shule za msingi za serikali, ulizo hili limehamia sekondari, ambako bado feza inatakiwa. Mavuno yakiwa mabaya na inabidi mmoja aache masomo, tunajua bila kuambiwa ni nani: ni msichana, na kati ya wasichana ni yule wa kambo. Hapo hakuna haja ya kuhubiri juu ya upendo. Baba achukue karatasi, aandike majina, aandike franga, atazame kipimo chake.

Wengine watasema wa kambo si mrithi hata hivyo. Ni kweli ya kwamba sheria ya jamaa ya nchi yetu, ya 1987, inaweka katika mstari wa kwanza wa warithi watoto wa marehemu mwenyewe, waliozaliwa ndani ya ndoa ao nje ya ndoa na kukubaliwa naye, pamoja na wale aliowapanga kisheria kuwa watoto wake. Mtoto aliyekuja na mama yake hayumo humo, isipokuwa baba wa kambo amemfanya mtoto wake mbele ya tribinali, ao ameandika wasia. Lakini mtoto wa mume, yule ambaye mama yake amekufa, yeye ni mrithi kamili sawa na watoto wa bibi mpya, na hakuna bibi mwenye ruhusa ya kumfukuza shambani siku ya kilio. Na baba wa kambo anayesema anampenda binti aliyemkuta, afanye karatasi hiyo angali na nguvu. Yusufu, mume wa Mariamu, hakusema maneno mengi. Katika Mathayo 1 kazi yake ni kumpa mtoto jina, ndiyo kumwingiza katika nyumba ya Daudi.

Tumesema ya kwamba sheria ya Kumbukumbu inazungumza na mwanaume. Tusimame hapo kidogo, kwani tunaona ndipo penye mzizi. Katika hadithi za jioni, mama wa kambo ni mwovu sikuzote. Anamtuma mtoto kuteka maji kwa kapu, anampa makombo. Tumezisikia tangu utoto. Lakini baba katika hadithi hizo yuko wapi? Amekwenda kuwinda, ao amelala, ao msimulizi amemsahau. Muganga yule wa Uingereza naye alipanda farasi akaenda kwa wagonjwa wake, akawaacha wanawake watatu na nyumba. Wanawake wawili wanagombana juu ya kitu ambacho mwenye nyumba hakukigawa. Akigawa kwa haki na kwa sauti, mbele ya wote, ugomvi mwingi unakosa kuni. Baba anayeleta ulizo kwa wazee kwa kumshitaki binti yake, tunaomba wazee wamuulize kwanza: siku ulipoleta bibi, ulimwita binti ukamwambia? Ulimwambia nini kitabaki chake?

Kuna ukimya wa baba ulio mbaya kuliko huo, na tusipoutaja karatasi hii itakuwa ya uongo. Katika 2 Samweli 13, Tamari binti wa Daudi aliharibiwa na Amnoni, mtoto wa baba yake kwa mama mwingine. Alitumwa kwake na baba mwenyewe, ampikie mgonjwa. Daudi aliposikia alikasirika sana, na Maandiko hayaonyeshi kitu alichofanya zaidi ya kukasirika. Ndugu mmoja akamwambia Tamari anyamaze. Nyumba ile ikavunjika kwa upanga. Sasa tuseme kwetu. Nyumba ya kambo inaleta chini ya paa moja wavulana na wasichana wasiokua pamoja, na mwanaume mzima karibu na msichana asiye damu yake. Mengi yanapita salama, tunamshukuru Mungu. Lakini yakitokea mabaya, tumezoea kumwambia binti maneno ya yule ndugu: nyamaza, tutamaliza nyumbani, mbuzi itatolewa. Sheria ya nchi ya 2006 juu ya ubakaji haijui mbuzi. Na sisi kama kanisa hatuna ruhusa ya kuita ukimya huo uvumilivu. Uvumilivu tunaomhubiria binti haufiki pale. Siku ile aondoke, aende kwa mjomba, kwa mama wa kanisa, kwa muganga, na sisi tusimame upande wake.

Tena kuna neno la uchawi. Na sisi wa makanisa ya unabii tusijifiche hapa. Mtoto wa mama mpya anaugua, biashara ya baba inaanguka, mtu anakwenda kuulizia kwa nabii, na jina linalotoka ni la nani? Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya 2006 juu ya watoto wa barabarani katika nchi yetu, lilionyesha ya kwamba yatima na watoto wanaoishi na wazazi wa kambo ndio wanaoshitakiwa kwa wepesi. Tunauliza tu: Roho wa Mungu, ambaye anajua watu wote, kwa nini amtaje kila mara yule ambaye nyumba ilitaka kumwondoa tayari? Nabii anayemtaja mtoto ambaye chakula chake kimekwisha kupunguzwa anasema kwa tumbo la nyumba ile. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya 2009 ya kulinda watoto inaweka kifungo. Lakini hata bila sheria, kumbukeni Yefta katika Waamuzi 11. Ndugu zake wa baba mmoja walimfukuza, wakimwambia hana sehemu katika nyumba ya baba yao kwa kuwa ni mtoto wa mwanamke mwingine. Waamoni walipokuja na vita, wazee walimfuata mbali alikokimbilia, wakamwomba awe mkubwa wao. Aliwauliza kwa nini wanamkumbuka siku ya taabu. Hawakuwa na jibu zuri.

Limebaki jambo la mahari, ambayo kwetu tunaiita mali tu. Tuseme mama alikuja na msichana wa miaka mitatu. Baba wa kambo akamlisha, akamsomesha, akamtibu. Msichana amefika miaka 20, mchumba amekuja. (Tuseme kwa kupita: chini ya miaka 18 hakuna ndoa, sheria ya 2009 imekataza ndoa za watoto, na ile ya 2016 imeweka miaka 18 kwa msichana sawa na mvulana. Kumwoza mapema binti wa kambo kusudi atoke nyumbani ni kumfukuza kwa ngoma na nyimbo.) Sasa ukoo wa baba mzazi, ambao miaka 17 hawakuleta hata sabuni, unatokea mtoni na mtumbwi, unasema damu ni yetu, mali ni yetu. Desturi yetu inawapa nguvu kama baba mzazi alitoa mali ya mama. Kama hakutoa, wajomba wanasema mtoto ni wao. Na mlezi anakaa kwenye kiti cha nyuma kama mtu aliyechungia wengine mbuzi.

Juu ya hili sisi wenyewe tunaoandika hatukupatana. Mmoja wetu anashika ya kwamba mali ni alama ya ukoo, wala si mshahara wa ulezi. Mlezi akianza kuhesabu magunia ya mpunga aliyomlisha mtoto, amegeuza ulezi wake kuwa duka, na binti ataingia ndoa akijua bei yake. Wengine wanasema kumnyima mlezi ni kile kibaba kidogo cha Walawi 19. Apewe sehemu yake waziwazi, hata kama ni mbuzi moja na koti, mbele ya watu, kusudi kazi yake ionekane. Tumebishana mpaka taa ikaisha mafuta. Tulichopatana ni hiki tu: kabla wazee wa pande zote hawajakaa, na kabla mbuzi haijachinjwa, binti mwenyewe aitwe aulizwe ni nani anataka asimame nyuma yake siku hiyo, upande wa baba na upande wa mama, na jibu lake liandikwe katika daftari la kanisa.